Kaptula ya Kitambaa cha Mbung'o

Hebu mwone akifika. Saa moja na nusu asubuhi, mabati ya vibanda vya Magunga bado yanadondosha umande, na mwanamke mrefu anapita katikati ya soko na kichwa cha cherehani mgongoni. Amekifunga kwa leso, kwa fundo la kifuani, vile mtoto hubebwa. Miguu ya cherehani hulala kibandani. Kichwa hulala naye nyumbani, maana kichwa ndicho wezi hupenda. Akina mama wanaouza omena, dagaa wa ziwani, humtania kila siku, hawachoki.

"Mama Lynnet, huyo mtoto wako atatembea lini?"

Naye hujibu bila kugeuka. "Siku akitembea, nyinyi mtavaa nini?"

Huyo ndiye Phelesia. Mtu wa Bonde la Lambwe kwa kuzaliwa, mtu wa Magunga kwa kazi. Ameshona sare za shule miaka ishirini na mitatu, na ukimwonyesha mtoto akipita barabarani atakuambia kiuno chake bila tepu.

Kibanda cha pili ni cha Gesare, Mkisii aliyekuja huku na ndizi na parachichi za kwao, akasema anakaa mwaka mmoja. Sasa ni wa kumi na nne. Kijaluo chake ni cha kuuzia ndizi tu, na Phelesia naye Kikisii hakijui hata salamu, basi wawili hawa wamelea urafiki wao kwa Kiswahili cha sokoni, kile kinachochechemea lakini kinafika.

Gesare ana simu kubwa na hamu ya hadithi. Phelesia ana kabambe, kisimu cha kupiga na kupokea tu, na mikono yake haina nafasi. Kwa hiyo Gesare humsomea. Ila sauti ya Gesare ni ndogo na cherehani ile ni kongwe, ina kelele kama mahindi yanayokaangwa. Basi walikubaliana kitu bila kukitamka: Phelesia akiutoa mguu kwenye pedali na kuchukua sindano ya mkono, ashone pindo au vifungo, Gesare anasoma. Mguu ukirudi, Gesare ananyamaza. Watu wa soko waliizoea hali hiyo. Wakiona cherehani imenyamaza saa sita mchana siku ya Jumanne au Alhamisi, walijua ni saa ya hadithi, na wengine walisogeza vigoda karibu.

Hadithi yenyewe iliitwa Saa Iliyolowa. Ilitoka mtandaoni vipande vipande, kila Jumanne na Alhamisi saa sita. Mwandishi hakuweka jina wala sura. Alijiita Msafiri, na picha yake ilikuwa ya lango lisilo na geti, nguzo mbili tu za miti na njia katikati. Ilimhusu mtu aliyeokota saa ya mkono iliyotoka majini, kioo chake kina maji ndani mpaka leo. Akikizungusha kile kijifundo cha pembeni, saa inamrudisha kwenye siku yoyote anayoitaka. Lakini ina ugonjwa wake. Humfikisha siku moja baadaye, kila mara. Alitaka kuuona mkono wa baba yake kwa mara ya mwisho, akafika watu wanang'oa hema la matanga. Alitaka kurudi kwenye arusi yake, akakuta sufuria chafu na mbwa wanagombania mifupa.

"Jamaa apeleke hiyo saa kwa fundi!" waliandika wasomaji hapo chini. Mwingine: "Hiyo si saa, hiyo ni ofisi ya serikali." Gesare alizisoma komenti zote, akicheka mpaka parachichi zikaanguka. Phelesia naye alicheka. Miezi miwili waliicheka hadithi ile kama watu wanaomcheka jirani mlevi, bila ubaya.

Mpaka ile Jumanne ya buluu.

Cherehani ilinyamaza. Gesare akafuta kioo cha simu kwa kanga, akasoma: "‘Nilitaka kuiona siku dada yangu aliposhona nguo yake ya kwanza. Saa ikanitupa kesho yake. Nikakuta mtoto wa miaka sita amevaa kaptula ya buluu, mbung'o wamemwandama kama ng'ombe, na dada yake anawafukuza kwa tawi, huku anacheka, huku analia. Kitambaa walikuwa wamekikata kwenye mtego wa serikali.’"

"Wacha!" Gesare akapiga paja. "Mtego wa mbung'o, wafanye kaptula? Hao watoto walikuwa na akili ama walikuwa na njaa?"

Phelesia alikuwa anapinda mkono wa shati. Gesare aliposoma mpaka mwisho, kwamba wale watoto waliivua kaptula wakaenda kuificha na kuapa wasimwambie mtu, aliinua macho akaona mwenzake ameushona mkono ule mdomo kwa mdomo, ameufunga kabisa, mtoto hangeweza kuupitisha hata kidole.

"Mama Lynnet, hiyo shati ni ya nani? Ya mtu hana mkono?"

"Nimechoka tu," Phelesia akasema, akaanza kuufumua.

Sasa wewe usiyeijua Lambwe, nipe sikio kidogo. Zamani bonde lile lilikuwa na mbung'o wa kuua ng'ombe na watu. Serikali ikaleta mitego: vitambaa vya buluu na vyeusi vinavyotundikwa kwenye nguzo porini, maana mbung'o hupenda buluu kuliko anavyopenda damu. Phelesia alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa ameiona cherehani ya mke wa mwalimu, akaota kushona, na hakuwa na kitambaa. Siku moja akamchukua mdogo wake, Cephas, wakapita kichakani, wakakata mtego kwa wembe. Akakishona kile kitambaa kwa sindano ya gunia. Ilitoka kaptula ya ajabu, mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake, na Cephas akaivaa kwa majivuno ya chifu. Kesho yake asubuhi, mbung'o wakamjia. Waliifuata kaptula. Watoto wale walikimbia mpaka josho la ng'ombe, wakaivua, wakaishindilia ndani ya kichuguu kilicho nyuma ya josho, wakaziba tundu kwa jiwe. Wakaapa. Kuharibu mtego ilikuwa kesi, na baba yao alikuwa na fimbo.

Watu wawili tu chini ya jua walilijua jambo lile. Mmoja ni Phelesia. Wa pili alizama ziwani miaka kumi na moja iliyopita.

Cephas alikua akawa fundi wa injini za boti. Mwezi wa Januari mmoja aliondoka Homa Bay na watu wawili kwenda kisiwani kutengeneza injini. Upepo ukawakuta njiani. Boti ilipatikana imepinduka, wale wawili wakapatikana, Cephas hakupatikana. Siku moja, mbili, tano. Mama yao alikaa mlangoni, hali, halali, anaangalia njia.

Kwa Wajaluo, mtu ambaye mwili wake umekataa kuonekana haachwi hivi hivi. Hutafutwa tunda la yago, lile refu, zito, linaloning'inia mtini kwa kamba yake. Hulazwa ndani ya jeneza, likavishwa, likaliliwa, likazikwa na jina la mtu. Kuanzia hapo mtu huyo amekufa, na wenyeji wanaweza kulala. Wazee walisema: tungoje mpaka Jumamosi ndipo tuzike, labda ziwa litamrudisha. Phelesia ndiye aliyesema Alhamisi.

Alisema ni kwa ajili ya mama, anaisha. Watu wakatikisa vichwa kwamba binti mkubwa amenena. Lakini shule zilikuwa zinafungua Jumatatu, na kule Magunga sketi arobaini zilikuwa zimekatwa, zinamngoja kwenye meza. Hilo hakumwambia mtu. Alilishonea yago shati kwa mikono yake mwenyewe, akalivisha, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Ijumaa asubuhi alikuwa kwenye cherehani.

Basi fikiria Alhamisi ile ya pili, siku mbili baada ya Jumanne ya buluu, Gesare aliposafisha koo na kusoma kipande kilichofuata.

"‘Kuna siku moja ambayo sikuitafuta kwa saa. Niliifikia kwa miguu yangu, kutoka ng'ambo ya ziwa nilikotupwa, nilikougua homa bila kumjua mtu. Nilifika kwetu Ijumaa mchana. Nilisimama kwenye kilima. Vijana walikuwa wanapanga viti vya kukodi kwenye mkokoteni. Karibu na nyumba ya mama kulikuwa na udongo mpya. Mtoto alipita na karatasi ya matanga ameitengeneza ndege, nikaiokota ilipoanguka. Niliikunjua. Picha ilikuwa yangu. Walinizika jana.’"

Wasikilizaji kwenye vigoda waliguna. Mama mmoja wa omena akajishika kifua. "Woi! Si angeingia tu?"

"Ngoja, kuna komenti," Gesare akasema, akicheka na kupangusa jicho. "Huyu anasema, ‘Ningeingia nikale chakula kilichobaki.’ Na huyu anauliza, ‘Nani aliharakisha hayo mazishi?’" Akasogeza kidole chini. "Amelijibu hilo, Msafiri mwenyewe. Anasema, ‘Hata mimi ningependa kujua.’"

Mguu wa Phelesia ulirudi kwenye pedali. Cherehani ikalia bila kitambaa, sindano ikipanda na kushuka juu ya chuma tupu. Gesare aliitazama sindano ile. Akawaambia wenye vigoda kwamba leo imeisha, waende wakauze omena. Walipoondoka akavuta kigoda chake mpaka magoti yao yakagusana.

"Sasa sema. Tangu Jumanne unashona hewa."

Phelesia alisema. Alisema mtego, kaptula, ziwa, yago. Ya sketi arobaini hakuisema, na ya kichuguu pia aliiweka moyoni.

Gesare ni Msabato wa kweli, Jumamosi hagusi hata kisu cha kukatia ndizi. "Mimi nitakuambia vile kanisani kwetu tunafundishwa. Mfu amelala. Hajui kitu, hasikii kitu, hatembei usiku wala mchana. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi mfu hawezi kununua bando akaandika hadithi. Kama huyo mtu anajua kaptula, huyo mtu anakula ugali mahali."

Alilisema kama faraja, maskini. Hakujua amelitoa jiwe alilokuwa nalo mwenzake na kumtwika mlima. Maana mzimu unaweza kuuogopa ukauombea. Lakini mtu hai aliyesimama kilimani Ijumaa, akiangalia viti vinapangwa, huyo unamwambia nini?

"Labda alimwambia mtu, kabla," Phelesia akasema. "Labda watoto wengine pia walikata mitego. Ilikuwa mingi."

"Labda," Gesare akasema. "Mtandao ni kama soko, kila mtu anapita. Muulize."

"Nimuulize nini?"

"Kitu hajaandika bado."

Jumamosi Gesare alikuwa kanisani na simu yake imezimwa. Phelesia alipanda boda mpaka Lambwe kwa mama yake. Alimkuta anafagia kaburi. Hivyo ndivyo mama yule huanza siku: hufagia kaburi la Cephas kwa ufagio mfupi, huku analisimulia habari. Nani amejifungua, mahindi ya nani yameliwa na nyani. Roseline, aliyekuwa mke wa Cephas, alikuwa anaanika nguo za watoto. Baada ya matanga alirithiwa na James, binamu ya marehemu, mtu mpole asiyepandisha sauti, na wamezaa wawili juu ya yule mmoja wa Cephas. Wote watatu humwita James baba.

"Nyara, umekonda," mama alisema. Nyara, yaani binti yangu. "Hao watoto wa shule wanakula wewe?"

Walikaa. Chai ikaja. Phelesia alikizungusha kikombe mara nyingi.

"Mama, tungengoja mpaka ile Jumamosi, vile wazee walisema?"

Mama hakushangaa, kana kwamba swali hilo limekaa kwenye kigoda cha tatu miaka yote. "Ningekufa Ijumaa," akasema. "Siku saba sikufunga jicho. Alhamisi mlipomaliza kufukia, nililala mpaka kesho yake jua likazama. Ni wewe uliyenipa huo usingizi. Kila nikiomba nakutaja."

Ijumaa nzima mama alikuwa amelala. Phelesia alilisikia neno hilo likimwingia taratibu, kama maji ndani ya kioo cha saa.

"Na mtu aliyezikiwa yago," akauliza, "akirudi?"

"Hapiti langoni. Lango linamjua ni maiti. Wazee walisema ua unatobolewa nyuma, anapitia huko, na kuna mambo yanafanywa kwanza." Mama alimtazama. "Kwa nini unauliza?"

"Niliota tu."

"Usiote ya watu ukiwa na cherehani ya kutunza." Kisha, kwa sauti nyingine, akiwaangalia watoto wa Roseline wakifukuzana: "Huyo akirudi leo, hawa watamwita nani? Na James ataenda wapi? Mimi nilimzika mara moja, nyara. Sina nguvu ya kumzika mara mbili."

Phelesia aliaga. James alimsindikiza hatua chache, na kwa vile ni mtu wa mazungumzo madogo, alimwonyesha ua. Miti mipya pande zote, imefungwa vizuri, isipokuwa nyuma ya nyumba ya mama, ambapo palikuwa na mwanya wa kupita mtu mmoja akiinama.

"Hapo napaziba kila mwaka, dada," James alisema, akicheka kidogo. "Kila mwaka mama anapafungua. Anasema mbuzi wanapita hapo."

Phelesia aliitazama njia iliyopita kwenye mwanya ule. Ilikuwa imefagiwa.

Mama yake hana mbuzi.

Jumanne iliyofuata Gesare hakusubiri wenye vigoda. Saa sita kamili alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili. Mguu wa Phelesia ukatoka kwenye pedali.

"‘Nimeitupa saa,’" Gesare akasoma. "‘Sitarudi nyuma tena, nimechoka kufika kesho yake. Sasa nimesimama mahali panapoonekana kwetu, na sijui kama bado ni kwetu. Hiki ndicho kipande cha mwisho. Nitakaa hapa mtandaoni mpaka saa nane, kwa mwenye swali. Baada ya hapo nafunga ukurasa huu na simu hii nampa mtu mwingine.’"

Komenti zilianza kumiminika. Wengine walilalamika: mwisho gani huu, turudishie miezi yetu miwili! Mwingine alitaka kujua saa aliitupa wapi, aende akaiokote. Msafiri aliwajibu wote, mmoja mmoja, kwa utani mzuri. Gesare alisema hata utani wake ni wa mtu aliyelelewa vizuri.

"Mama Lynnet. Imefika saa saba na robo."

Phelesia alikuwa amekunja sketi mapajani. Aliikunjua. Akaikunja tena.

"Andika," akasema. "Ile kaptula, waliificha wapi?"

"Hiyo tu? Hutaki kusema wewe ni nani?"

"Hiyo tu."

Gesare aliandika kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, akatuma. Phelesia akavuta sketi chini ya sindano, akaweka mguu kwenye pedali, na cherehani ikaanza kulia. Alishona pindo la kwanza. Alishona la pili. Ilikuwa sketi ya mtoto wa darasa la kwanza, fupi, haikuwa na kazi nyingi, na alipoimaliza akachukua nyingine. Upande ule wa barabara akina mama wa omena walikuwa wanagombana na kondakta juu ya gunia. Jua lilikuwa jeupe kabisa.

Saa nane kasoro dakika nane, Gesare aliinama juu ya simu yake. Midomo yake ilitikisika, ikisoma bila sauti. Hakucheka. Lakini pia hakushtuka. Angeshtuka na nini, yeye asiyejua habari ya josho wala ya kichuguu? Kwake yalikuwa maneno tu. Aliinua uso.

"Amejibu," akaita juu ya kelele ya cherehani. "Ni fupi. Anauliza pia wewe ni nani."

Cherehani iliendelea.

"Mama Lynnet! Anafunga saa nane. Nisome?"

Phelesia aliyaona yote kwa pamoja. Mwanya uliofagiwa kila asubuhi, James na kamba zake za kufungia ua, watoto watatu wanaosema baba. Sketi arobaini. Shati alilolivisha tunda, na vifungo vyake mpaka shingoni. Kama jibu si kichuguu, basi Alhamisi ile ilikuwa halali, na mdogo wake yuko majini, na yeye atalala leo. Na kama ni kichuguu, basi kuna mtu amesimama kilimani tangu Ijumaa ile, miaka kumi na moja, na zimebaki dakika sita.

Gesare alisubiri, simu mkononi, macho yake si usoni mwa rafiki yake bali chini, kwenye pedali, pale alipozoea kuangalia.

Nawe uliyekaa nami mpaka hapa, mguu ule ungekuwa wako, ungeutoa?